Mawe ya Uani

Kaka yangu Rizuane ni mtu wa mipango. Akitaka chai, atauliza kwanza nani ateke maji. Kwa hiyo mama aliposema, kijijini Mute tulikokimbilia wakati wa vita, kwamba anataka kurudi nyumbani Mocímboa amsomee baba hitima pale alipolala kabla na yeye hajafa, Rizuane alitoa simu.

Baba alibaki nyuma kwa sababu ya mguu mbovu, akafa. Jirani yetu Ossufo alimzika haraka haraka uani, nyuma ya jiko: jiwe moja kichwani, moja miguuni. Ossufo alitusimulia hayo, kisha naye akafia ukimbizini. Yote hayo Rizuane alimweleza msaidizi wake wa akili mnemba, nayo mashine ikamletea mawazo mazuri mazuri. Kurejesha makazi. Kupata maji salama. Kuheshimu mahali alipolala marehemu.

"Maneno matupu," nikamwambia. "Nani anapanda juu ya paa hapo?"

"Ngoja, Zaida. Sasa tunayageuza kuwa tarefa, kazi moja moja."

Kwa mashine hiyo, wazo halikuwa kazi mpaka liwe na mtu wa kulifanya, siku ya kulifanya, na picha ya kuonyesha limekwisha. Kurejesha makazi kukavunjwavunjwa: fundi Cassamo wa hukohuko Mocímboa apige bati, aweke mlango, asafishe ua. Kila kazi ilikwenda yenyewe kwenye simu ya Cassamo, naye kila akimaliza alirudisha picha. Nilifurahi, sifichi. Miaka yote ile tuliambiwa "tutaona", na sasa kulikuwa na bati. Pichani ua ulikuwa safi kama wa nyumba yenye harusi.

Mama alikataa kuzitazama picha. "Nyumba yangu nitaiona kwa kuingia," alisema.

Tulifika asubuhi. Mlango ulifunguka vizuri, lakini mama hakuutazama. Alipita moja kwa moja hadi uani, akasimama. Jiko halikuwepo, hata kifusi chake. Mawe hayakuwepo. Kulikuwa na mchanga tu, umesawazishwa kutoka ukuta hadi ukuta.

"Baba Rizuane yuko wapi?" akauliza.

Cassamo, maskini, akaja na simu yake kutuonyesha. Alikuwa amefanya alichoandikiwa: ondoa kifusi na mawe yote kintali, kule uani, sawazisha. Mawe mazuri hakuyatupa, aliyajengea ngazi ya mlango wa mbele. Tulikuwa tumeyakanyaga kuingia.

Hasira ilinipanda. "Hiyo mashine yako haikujua kama kuna kaburi?"

"Ilijua," Rizuane akasema, na akatusomea. Kila wazo lilikuwa limegeuzwa kazi isipokuwa moja, lile la kuheshimu mahali alipolala marehemu. Mashine ilimwuliza: hapa nani atafanya nini? "Jibu nilikuwa nalo, mama. Ni mimi nije nisimame hapa, nimwonyeshe Cassamo. Nikaogopa kupaona. Nikalifuta."

Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tunavyosema, na mimi nimezoea kuusema msemo huo kwa mzaha, ndugu akichelewa pilau. Siku ile haukuwa mzaha.

Mama hakulia. "Chukua simu yako," akamwambia. "Andika. Kubomoa ngazi."

Rizuane akaandika.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Aliibomoa peke yake. Cassamo alitaka kumsaidia, mama akamzuia. Mawe yakahamishiwa nyuma, yakapangwa kando ya ukuta, na hapo ndipo tulipojua tulichopoteza. Hata Cassamo hakuweza kutuambia mawili ya baba ni yapi, wala yalikaa wapi.

"Tuyaweke wapi, mama?" Rizuane akauliza.

Mama aliutazama ua kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akarudi kwenye mlango wa uani, akavua ndara zake, akaziacha hapo, akaingia mchangani miguu mitupu.

"Yuko hapa," alisema. "Vueni viatu. Na popote mkanyagapo, mkanyage polepole."