Ngazi ya Mguu wa Crescenzo

Siku ya kwanza ya mavuno Crescenzo aliingia jikoni na suti aliyozikwa nayo, akaomba kahawa. Alikuwa amekufa tangu Februari. Binti yake Nunzia akamtilia sukari kama kawaida, akamwonya kwamba suti ile itaharibika kwa utomvu.

Huku Aversa mzabibu wa aina ya asprinio huozwa kwa mpopla, mti mrefu mwembamba. Humkwea mumewe mpaka kileleni, na zabibu zake nyeupe, kali za kumfumba mtu jicho, huning'inia juu kuliko paa la nyumba. Mvunaji hubana goti kati ya vipandio vya ngazi ili mikono yote miwili iwe huru. Kwa hiyo kila ngazi hupimwa kwa mguu wa mwenyewe, na ya mwenzako itakuangusha.

Nunzia aliitamani ngazi yake mwenyewe tangu usichana. Biagio, fundi wa ngazi, alikuwa akimwambia asubiri kwanza baba yake afe. Sasa akamfuata karakanani.

"Mzee Biagio, baba si amekufa?"

"Amekufa, ndiyo. Lakini si yuko kazini? Halafu mwanangu, mimi nikupime wewe mguu, watu watasema nini?"

Mchana ule ule Crescenzo alishindwa kupanda. Udongo ulikuwa umemfupisha miguu, goti halikubana. Biagio akaja mbio na kamba yake, akampima marehemu kuanzia paja hadi kisigino, akamtania kwa ubaridi wake, na kesho yake ngazi mpya ikawa tayari.

Nunzia akaijaribu kwa goti lake. Likabana sawasawa.

"Niachie mimi, baba. Wewe kaa ule mkate."

Crescenzo, ambaye kufa na kufanya kazi kwa pamoja kulikuwa kumemchosha, hakubisha.

Nunzia akapanda mpaka kileleni. Akawa anateremsha vikapu kwa kamba, na vikapu, kwa vitako vyao vilivyochongoka, vinajichomeka ardhini wima. Alifurahi hata akaimba. Majirani wakakusanyika chini, shingo juu.

"Mwoneni Crescenzo wetu," Biagio akasema, akiionyesha kwa kidole ngazi aliyompimia marehemu. "Kufa kumemtengeneza hata sauti."

Wakapiga makofi. Crescenzo, aliyeketi katikati yao na mkate mdomoni, akavua kofia akawashukuru.