Silinda Hutoka Kwanza

Mnada wa vitu vya Royce Tackett ulifanyika uani kwake Jumamosi asubuhi, na yeye mwenyewe aliwekwa kwenye kiti karibu na mlango wa ghala, blanketi magotini, akitazama maisha yake yakiuzwa kipande kwa kipande. Alikuwa anahamia makao ya wazee. Trekta liliuzwa, mitungi ya kuhifadhia matunda ikauzwa, kitanda kikauzwa. Kisha dalali akanyanyua bastola.

Leland Pruitt alikuwa amesimama nyuma, mikono mifukoni. Alikuwa mstaafu wa maghala ya ngano ya mji wa Bascom, mzee wa miaka sabini na kitu, na kwa kujua bastola za kale hakuwa na mpinzani katika upande ule wa Kansas. Nyumbani alikuwa nazo kabati zima. Hii aliijua tangu ujana wake: kazi ya zama za babu wa babu yake, silinda yenye matundu sita ya risasi, mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwashikwa, na ile rangi ya buluu iliyokolea ambayo kiwanda kiliichomea kwenye chuma na ambayo ikishatoka hairudi tena. Aliijua pia kwa sababu ndiyo iliyomuua dada yake, Nadine, ndani ya jiko la Royce, akiwa na miaka ishirini na sita. Royce alikuwa mume wake. Alikuwa akiisafisha, ikafyatuka. Ndivyo ilivyosemwa, na mji mzima ukaleta mabakuli ya viazi vya kuoka msibani.

Dalali alitaja bei. Leland akanyanyua kidole. Mgeni mmoja mwenye kofia mpya, mnunuzi wa kutoka jijini, akaongeza. Jirani aliyesimama kando yake akamgusa kiwiko na kumnong'oneza maneno mawili matatu, na yule mgeni akaivua kofia yake, akaangalia chini. Baada ya hapo hakuna aliyefungua mdomo. Kwenye minada ya wilaya ile majirani hawashindani bei na mtu ambaye kitu kinamhusu. Leland aliipata kwa bei ya baiskeli kuukuu, akadhani ni bahati yake.

Royce akamwita kwa kidole. "Itunze, shemeji. Hicho ni chuma cha maana."

"Nitaitunza."

"Usiilaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi ina chumvi, itakuletea kutu."

"Royce, kweli mimi ndiye wa kufundishwa hayo?"

Wakacheka kidogo, wote wawili, na Leland akaondoka na mzigo wake.

Magharibi ile alitandaza gazeti kwenye meza ya jikoni, akapanga brashi, vitambaa vya pamba, kichupa cha mafuta mepesi, na ile dawa ya kusafishia mtutu inayonukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mkewe, Twyla, alikuwa anakoroga maharage. Chupa ya dawa ilipofunguliwa na harufu yake kuenea, mlango wa nyuma nao ukafunguka, akaingia Nadine na sanduku dogo la nguo mkononi.

"Pangusa miguu, nimedeki sasa hivi," Twyla alisema bila kugeuka. Kisha akageuka. "Kumbe ni wewe, wifi. Karibu. Hilo sanduku liweke hapo kando ya jiko. Maharage unakula?"

"Nakula."

Alikuwa na umri wake uleule. Gauni lake la maua ya manjano lilikuwa na tundu moja kifuani, dogo, lililokauka damu pembeni. Akavuta kiti, lakini hakukikalia mbele ya meza; alikisogeza pembeni, mahali ambapo mtutu haukuelekea, ndipo akakaa na kumtazama mdogo wake.

"Lee. Hilo tumbo umelitoa wapi?"

"Nimelinunua."

"Na nywele je?"

"Ndizo nilizolipia."

Nadine akacheka kile kicheko chake cha puani. Leland akainamia gazeti na kujifanya anatafuta brashi, maana alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa zaidi ya miaka arobaini na kilimkata maini. Alimpenda dada yake kuliko alivyowahi kumwambia. Sasa yeye alikuwa mzee na dada yake alikuwa binti mdogo, na hilo nalo lilimuuma, kana kwamba amemwibia kitu.

Akaanza kazi kama alivyoianza siku zote. Aliivuta nyundo ya bastola hadi nusu, akafungua kilango cha ubavuni, akaizungusha silinda taratibu kuhakikisha kwamba matundu yote ni matupu. Kisha akachomoa pini ya mbele na silinda ikamdondokea kiganjani. Akaiweka juu ya kitambaa. Kilichobaki mkononi kilikuwa mpini na mtutu, na kati yake pengo ambalo ungeweza kupitisha vidole vitatu, chombo kisichoweza kumtisha hata panya.

"Hiyo ndiyo inayotoka kwanza?" Nadine aliuliza.

"Ndiyo. Hii aina huwezi kuisafisha bila kutoa silinda. Brashi itapita wapi?"

"Na risasi hukaa humo."

"Humo humo, hakuna pengine."

Nadine akaitazama silinda. Maharage yalikuwa yanachemka. "Mimi nilikuwa nimeshika sanduku langu," alisema. "Nilikuwa namwambia Royce kwamba naenda kwa mama. Sikuona kitambaa, Lee. Wala gazeti mezani. Harufu hii ya ndizi ndiyo kwanza naisikia leo kwenye bastola hiyo, nikaja kuangalia ni nini."

Leland alibaki na brashi hewani. Miaka yote ile alikuwa ametoa silinda za bastola kama hii kila wiki, nyingine akiwafundisha wenzake namna ya kuzitoa bila kukwaruza chuma, na hata mara moja hakuwahi kuyaweka mambo mawili pamoja: silinda iliyolala juu ya kitambaa chake, na dada yake aliyelala makaburini. Alijiona mjinga. Baadaye kidogo alijiona mbaya kuliko mjinga, akalia kwa sauti, na Twyla akazima jiko na kumshika bega.

Jumapili alilowesha kwa ile dawa kitambaa alichosafishia bastola, akakitia kwenye mfuko wa shati, na Nadine akapanda pikapu pamoja nao, kati ya kaka na wifi, sanduku mapajani. Baada ya ibada wakaenda mkahawani na watu wote. Mhudumu aliongeza kikombe cha tatu, akamwambia Nadine angalie, kahawa ni ya moto. Waliomfahamu walimpungia mkono. Waliomfahamu sana walipata ghafla jambo la kusoma kwenye orodha ya vyakula wanayoijua kwa moyo.

Dewey Sprague alikuwa kwenye meza yake ya siku zote. Wakati wa msiba alikuwa kijana, askari wa wilaya, naibu wa sherifu, na ndiye aliyetangulia kuingia lile jiko. Akagusa ukingo wa kofia. "Nadine. Siku nyingi."

"Nyingi, Dewey. Lakini umezeeka vibaya."

"Hata nilipoanza sikuanza vizuri."

Leland hakukaa. "Dewey," alisema, "silinda hutoka kwanza."

Alisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. Kwenye meza za jirani vijiko vikawekwa chini. Dewey alikoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari.

"Kwani nani hapa hajui hilo, Leland? Nitajie mtu mmoja humu asiye na bunduki nyumbani."

"Wewe uliingia jikoni."

"Niliingia. Silinda ilikuwa mahali pake. Sanduku la dada yako lilikuwa mlangoni."

"Mkasema ajali."

"Tukasema alivyosema mwenye nyumba. Kwamba alikuwa akiisafisha. Ndivyo watu wanavyosema hapa kwetu, likitokea la kutokea. Husemwa hivyo, halafu wanapika, wanaleta. Baba yako alisema hivyo. Mchungaji naye akasema hivyo kanisani." Akashusha sauti. "Sisi tulidhani unajua, bwana. Mtu anayezijua bastola kama wewe? Tulidhani umeamua kuyameza, tukakuheshimu. Jana mnadani, unafikiri kwa nini hakuna aliyekuongezea bei?"

Leland akamgeukia mkewe. Twyla alikuwa anaisawazisha leso ya karatasi kando ya sahani, akiikunja na kuikunjua.

"Hata mimi nilidhani unajua," alisema.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa na Royce akaingizwa kwenye kiti cha magurudumu na binti yake, aliyemzaa na mke wa pili. Watu wakasimama kumsalimu, na wengi walifurahi kupata sababu ya kusimama. Alikuwa shemasi kwa miaka mingi. Mtoto gani wa Bascom hakuwahi kupewa peremende na mkono ule? Kiti kilipofika usawa wa meza yao, akamwona Nadine.

"Nadine. Gauni hilo nimelipenda siku zote."

"Ulininunulia wewe."

"Nakumbuka sana."

"Royce," Leland alisema. "Siku ile uliitoa silinda?"

Royce alimtazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nilikuwa naisafisha," alisema, kwa sauti ileile anayoombea chakula. Kisha akamgeukia mhudumu. "Leo kuna pai ya tufaha?"

"Ipo, mzee wetu. Nimekuwekea."

Binti yake akamfunga kitambaa shingoni. Vijiko vikaanza tena kugonga vikombe. Nadine alibaki ameitazama ile pai ilipoletwa, ikiwa na aiskrimu juu yake, kisha akainuka na kuchukua sanduku lake. "Twende nyumbani, Lee," alisema. "Kahawa yao haijabadilika, bado maji matupu."

Majira ya kupukutika majani ukumbi mpya wa kanisa ulifunguliwa, nao ukapewa jina la Royce Tackett. Walikula nyama ya kuchoma na mahindi, na hotuba zilikuwa fupi. Jiwe la kaburi la Nadine bado linasema alitwaliwa kwa ajali. Leland alikwenda na dada yake kwa sherifu wa sasa, kijana mwenye adabu, ambaye alimpa Nadine kiti na kumwambia anasikitika sana, na kwamba ni mambo ya zamani.

Bastola inasafishwa kila magharibi. Wakusanyaji wenzake wanaopita kumtembelea hushika vichwa: ile buluu ya kiwandani imeshaisha mtutuni, chuma kimekuwa cheupe kama kijiko. "Unaiua, Leland," humwambia. "Kitu kama hiki hupanguswa mara chache kwa mwaka, hata kidogo ni kingi." Anajua, ndiye aliyewafundisha. Lakini siku asipofungua chupa Nadine haji, na siku hizo sahani ya tatu hubaki mezani bila mtu, na Twyla huirudisha kabatini ikiwa safi.

Kwa hiyo hutandaza gazeti. Nadine huingia, hupangusa miguu, huweka sanduku kando ya jiko na kukaa pembeni, mbali na mtutu. Leland huvuta nyundo nusu, huchomoa pini, na silinda humdondokea. Siku hizi haiweki tena juu ya kitambaa. Humnyooshea dada yake.

"Mpaka umalize?" Nadine huuliza.

"Mpaka nimalize."

Hapo ndipo Nadine husogeza kiti chake mezani. Huifumbata silinda kwa mikono miwili, huiweka mapajani, na haiachii mpaka maharage yaive.