Afande Apimwa Miguu

Daktari wa vichwa, ambaye wauguzi walimwita Bingwa mbele yake na Bundi nyuma yake, alieleza kipimo huku akitazama saa. Mzee ana maji yaliyozidi kichwani. Atatembea, atatolewa maji kidogo mgongoni, kisha atatembea tena. Hatua zikiwa nyepesi, atapasuliwa awekewe mrija wa kuyapunguza. Zisipobadilika, mrija hautamfaa kitu.

"Mzee, tembea hadi mlangoni."

Mkewe akafumba macho. Mumewe alikuwa afande wa gwaride maisha yake yote, na mpaka leo ukimwamuru, kifua hutangulia. Nyumbani nyayo zake zilinata sakafuni, na suruali ililowa kabla hajafika chooni. Hapa, kwa sababu ya koti jeupe, akapiga gwaride: kushoto, kulia, nyuma geuka. Mzee mzima hana haya.

"Daktari, nyumbani hatembei hivyo."

"Mama, mimi natazama miguu. Hadithi sisikilizi."

Kusoma kote kule, na bado hakujua kumuuliza anayezifua zile suruali.

Maji yakatolewa. Bingwa aliporudi jioni aliamuru tena, na afande akapiga gwaride lilelile.

"Hakuna tofauti. Mrija hautamsaidia," Bingwa alisema, akatoka.

Haukupita muda, afande akateremka kitandani bila kuamriwa na mtu. Alienda chooni kwa hatua ndefu, akarudi mkavu.

"Mama watoto, umekula?" akauliza.

Miezi yote ya ugonjwa alikuwa akimwita sista, akidhani ni muuguzi. Mkewe alitoka mbio, akamkuta Bingwa kwenye ngazi, akamrudisha kwa kumvuta mkono wa koti, aibu baadaye.

Afande alipoliona lile koti, visigino vikagongana. Kushoto, kulia.

"Si nilikwambia?" Bingwa alisema, akaenda zake.

Afande akakaa kitandani, jasho linamtoka, uso umechanua.

"Mama watoto, nimefaulu?"

Mkewe alitamani kumzaba kofi. Aliwadharau wote wawili, msomi na huyu wa gwaride, hata hakujua aanze na yupi. Lakini maji yangejaa tena, na huenda kesho asubuhi angekuwa sista.

"Umefaulu," akamwambia. "Hebu niite tena."