Finjani Zilizowekwa Chini

Mtu akija kwako na wazee, akaweka finjani ya kahawa chini bila kuionja, jua ana haja, na kahawa hiyo hainyweki mpaka umkubalie. Ndivyo tulivyo huku milimani Ajlun, kaskazini mwa Jordan. Tabu ni kwamba wapo wanaume wanaokubali kabla ya kuisikia haja yenyewe, na Nawwaf, mume wa Mwalimu Inaam, ndiye bingwa wao.

Alasiri ile aliona wazee wanaingia pamoja na Ghalib, kaka yake Inaam. Yeye na shemeji yake huyo walikuwa wamenuniana tangu harusi fulani, kisa hata hakikumbukwi. Basi moyo ukamjaa, akadhani wamekuja kupatana. Finjani zikawekwa chini.

"Kunyweni kahawa yenu, wazee wangu," akasema, kifua mbele. "Mlilokujia mmelipata."

Wakanywa. Kisha Hajj Mifleh, mkubwa wao, akafuta masharubu. "Mungu akuzidishie. Kesho wageni wanakuja shuleni kwa mkeo. Kinu cha Ghalib kisitajwe."

Inaam alikuwa mlangoni na sinia la tende.

Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa darasa la sita kwamba wao ni raia wa dunia, na kwamba maji ya chemchemi yao ni ya walio bondeni pia, na ya watakaozaliwa kesho. Wala hakuishia ubaoni. Aliwatoa nje, wakaufuata weusi ulioingia chemchemini, wakapanda korongo, binti mmoja Rajwa akiwa mbele, mpaka nyuma ya kinu cha zeituni cha Ghalib. Huko wakakuta bomba linamwaga maji machafu ya kukamulia, yale ambayo yangepaswa kubebwa na lori kwenda jalalani. Sasa Rajwa angeyasimulia haya mbele ya wageni wa kutoka Amman na ng'ambo, na shule ikiwapendeza ingepewa bendera ya kijani, tuzo ya shule zinazotunza mazingira.

"Umeniuza, Nawwaf," Inaam alimwambia mumewe wazee walipoondoka.

"Ningejuaje? Nilidhani wamekuja kunipatanisha."

"Ungeuliza."

"Nani anauliza kabla ya kahawa? Unataka nichekwe?" Akashusha sauti. "Neno limeshatoka, mama Yazan. Ukilivunja sina uso wa kukaa na watu. Na yule ni kaka yako wa tumbo moja, watoto wake watakula nini kinu kikifungwa?"

Kweli tupu, na ndiyo iliyomchoma. Akishika neno, amemsaliti mtoto wa watu. Akilivunja, amemvua nguo mumewe mbele ya kijiji kizima na kumkatia kaka yake riziki. Maji yalimfika shingoni, na kila alikogeukia alimkuta mtu wake.

Asubuhi akamwita Rajwa pembeni.

"Mwanangu, ile sehemu ya kinu iruke."

"Kwani si kweli, Mwalimu?"

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Wazee wamekunywa kahawa."

Rajwa ni mtoto wa hapahapa, hakuhitaji kufafanuliwa. "Kwa nani?"

"Kwangu."

Binti akaangalia viatu vyake. "Na raia wa dunia, Mwalimu, yeye hana kaka?"

Inaam akamweka sawa kola ya sare, akamrudisha darasani.

Wageni walipofika, Rajwa alisimulia vizuri mno, korongo, weusi, ile harufu, hata wageni wakasogeza viti mbele. Halafu akasita. "Hapo alama zikatupotea."

Mama mmoja mgeni, mwenye tabasamu la upole, akamgeukia Inaam. "Zilipoteaje, Mwalimu? Nasikia nawe ulikuwepo."

Darasa zima likamkazia macho. Kila mtoto pale alikuwa amelishika lile bomba kwa mkono wake. Inaam akafungua mdomo, na ukweli ukafika mpaka kwenye ulimi. Hapo, akilini mwake, akamwona Nawwaf akipita sokoni na watu wanampa mgongo.

"Mvua," akasema. "Mvua ilizifuta."

Rajwa akamtazama mwalimu wake, akaona midomo inavyomtetemeka, akamhurumia.

"Ndiyo, mama," akamwambia mgeni. "Ilikuwa mvua kubwa sana."

Na wenzake, mmoja baada ya mwingine, wakaitikia kwa vichwa, bila hata kuambiana. Wageni wakaandika mvua. Msimu ule hata tone moja lilikuwa halijaanguka.