Mzunguko wa Adamu

Saburi aliolewa na mtu wa njia, na siku ya ndoa hakulijua hilo. Alimjua Adamu kama mkata mkonge mrefu, mwenye sauti nzito, aliyetoka Ribe huko upande wa Mombasa, akisema "yuwaja" na "nshafika" hata wasichana wa Maneromango wakaziba vinywa wasicheke mbele za wazee. Saburi mwenyewe alikuwa Mzaramo wa hapo hapo Maneromango, mtoto wa Kilutheri, aliyeizoea kengele ya kanisa tangu tumboni mwa mama yake. Adamu alikuwa Mmethodisti. Wazee wa mke walimwuliza hiyo ni dini gani tena. Akajibu kwamba ni Ukristo huu huu, ila wake hausubiri watu waje kanisani. Unawafuata waliko.

Wazee wakaliona jibu zuri. Saburi alikuja kuyaelewa maneno yale baadaye, akiwa peke yake ndani ya nyumba.

Walijenga karibu na Mlandizi, jirani na Mfaume na mkewe Mwanakheri, wenyeji wa siku nyingi. Ikaja mwaka sabini na nne, watu wakahamishiwa vijijini. Wenyeji walihama na jamaa zao, msikiti wao na maulidi yao. Lakini wale waliokuwa manamba, vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge, watu wa Songea, wa Kigoma, wa Singida, ambao kwao kulikuwa mbali na wengine hawakukukumbuka tena, walionyeshwa viwanja porini wakaambiwa wafyeke. Mtu alilala na mkewe kwenye kibanda cha makuti, nyuma yake msitu, mbele yake msitu, na jirani asiyejua lugha ya mama yake. Adamu alikwenda kuwatazama huko Magindu, akarudi hakula.

Palikuwa na mchungaji mzee aliyevuka mpaka kutoka Mombasa mara moja kwa mwaka, kwa mapenzi yake tu, kuja kuwabatiza Wamethodisti wachache waliotawanyika huku na kuwapa Meza ya Bwana. Mzee huyo ndiye aliyempa Adamu habari za Amerika ya zamani. Huko nako, alisema, watu waliingia msituni na mashoka, nyumba na nyumba zikiwa mbali, hakuna kanisa wala padri. Wahubiri wa Kimethodisti wakawafuata kwa farasi. Mhubiri alifunga farasi wake mtini, akahubiri jikoni kwa mtu, akawaachia mmoja wao kazi ya kuwaangalia wenzake, akapanda tena akaenda kwa wengine, mpaka amalize mzunguko na kuanza upya. Ndivyo dini ile ilivyoienea nchi, nyumba kwa nyumba, na wengi wa wahubiri wale wakafa vijana kwa homa na baridi.

Adamu hakuwa na farasi. Alikuwa na baiskeli.

Kazi yake haikuwa na makuu. Akifika mahali aliimba kwanza, watu wakasogea. Kisha aliwakusanya wachache wakawa darasa, na kiongozi wao aliwauliza mmoja mmoja kila wiki: moyo wako ukoje na Mungu? Basi. Mtu alijibu la kweli. Mmoja alisema amelewa amempiga mkewe. Mwingine alisema hamfikirii Mungu kabisa, anaufikiria mto wa kwao tu. Hakuna aliyewahi kuwauliza watu wale jambo kama hilo, kule kwenye mkonge waliulizwa tu wamekata matita mangapi. Habari zikatambaa kama mboga ya maboga, zikashika shina hapa, zikachipuka tena kule. Magindu pakawa na darasa, likafuata la kwenye vibanda vya njiani, mwisho likafika hata Vihingo, upande wa Kisarawe, ambako kiongozi alikuwa Melkiori, Mngoni wa Songea, Mkatoliki wa kuzaliwa aliyesema kwamba msituni mtu haulizi jina la kisima.

Na Saburi alibaki nyumbani. Mungu hakuwajalia mtoto. Adamu alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaoga, akala, akalala usingizi wa maiti, akaamka akaziba pancha, akaondoka. Wakati mwingine Saburi alikutana na watu wa Magindu kwenye soko la Mlandizi, wakamshika mikono yote miwili, wakamsimulia jinsi mumewe alivyowachekesha, jinsi alivyomtania mzee fulani mpaka machozi yakamtoka. Alitabasamu, akaitikia. Moyoni alijiuliza huyo Adamu anayecheka ni yupi. Wa kwake alikuwa analala.

"Wewe unamlilia mume asiyekuwepo," Mwanakheri alimwambia siku moja walipokuwa wakipukuchua mahindi, "na mimi hapa nalia na huyu aliyepo." Wakacheka wote wawili. Lakini jioni Mwanakheri aliitwa na Mfaume, akaenda akilalamika, na Saburi akabaki na ungo wake.

Mwaka sabini na saba mpaka wa Kenya ulifungwa. Mchungaji mzee hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Watoto walizaliwa madarasani, wakatambaa, wakatembea, hawajabatizwa. Wazazi walimsihi Adamu awabatize yeye. Alikataa, akisema hakuwekewa mikono ya uchungaji, na kwamba mtu hajipi cheo cha Mungu kwa sababu mpaka umefungwa. Familia moja moja ikaenda kwa Walutheri au kwa Wakatoliki, ambao walikuwa na wachungaji na mapadri wao. Hakuwalaumu. Ila alizidi kuwa mkimya kila aliporudi, na alizidi kuondoka mapema.

Masika ya mwaka wa themanini gurudumu lake la mbele lilitumbukia penye kalvati lililozolewa na maji, katika barabara ya kutoka Mzenga. Akavunjika nyonga. Lori la mbao likamwokota. Alikaa hospitali muda mrefu, akarudi na fimbo, akiweza kwenda kutoka mlangoni hadi kwenye mkorosho na kurudi, si zaidi.

Saburi alimshukuru Mungu kwa siri, kisha akaona haya kwa kushukuru. Mume wake alikuwa amerudi. Alimpikia, alimkanda kwa maji ya moto, alimsikia akikohoa chumba cha pili naye akapenda kusikia kikohozi kile. Lakini Adamu aligeuza kiti chake kikatazama barabara. Saburi akizungumza, alijibu neno moja. Alimwuliza habari za Ribe, za mama yake, za utoto wake. Adamu akasema, "Ni zamani hizo." Ikawa sasa nyumba ina watu wawili na kimya ni kile kile, tena kimezidi, kwa kuwa zamani Saburi aliweza kusema kwamba mwenye nyumba hayupo.

Ndipo Melkiori alipotuma salamu kwa msafiri mmoja kwamba watu wa Vihingo wanauliza, je, tumeachwa? Adamu aliipokea salamu ile, akainamisha uso. Saburi akasema atakwenda yeye.

"Wewe si mhubiri," Adamu alimwambia.

"Sijasema nakwenda kuhubiri. Nakwenda kuwaona."

Alipanda lori hadi Mzenga, akavuka reli, akashika njia ya miguu. Vihingo walimpokea kama mgeni wa harusi. Wakamkalisha kwenye kigoda nyumbani kwa Melkiori, wakakaa kumtazama, wakingoja. Hakuwa na hotuba.  Mwisho aliuliza lile swali alilolijua kwa kulisikia tu, kwa maana katika miaka yote ile mumewe hakuwahi kumwuliza yeye. Wakajibu mmoja baada ya mwingine. Melkiori akasema kwamba nguruwe wamemaliza mihogo yake, kwamba amemlaani Mungu waziwazi shambani, na kwamba baadaye ameona haya, hajui amwombe radhi kwa maneno gani. Saburi akamwambia amwombe kwa hayo hayo. Wakaimba, wakala.

Aliporudi alimweleza Adamu yote: nani kazaa, nani kahama, nguruwe wamefanya nini. Alipofika kwenye laana za Melkiori, Adamu alicheka. Alicheka mpaka akashika nyonga. Saburi alimtazama, akasema moyoni, kumbe ndiye huyu. Jua lilikuwa linashuka, kuku wameanza kuingia. Akaona kwamba asipouliza leo hatauliza tena.

"Na wewe, Adamu? Moyo wako ukoje na Mungu?"

Adamu aliacha kucheka. Alikuwa na karanga mkononi, akaendelea kuzimenya bila kula.

"Hilo hakuna aliyeniuliza tangu nitoke Ribe," alisema.

"Basi nimekuuliza mimi."

"Mkavu," akasema. "Umekauka miaka mingi, Saburi. Nilikuwa nikifika kwa watu, nikiwasikia wakisema ya kwao, nashiba chakula chao. Nikirudi hapa sina cha kukuletea. Wewe ulikuwa unanitazama kama mtu aliyetoka kwa Mungu, na mimi mtupu. Nikaona aibu. Ndiyo maana nilikuwa sikai."

 Miaka yote Saburi aliamini kwamba hapendwi, akatafuta kosa lake kila pembe ya nyumba asilione.

"Ungeniambia," alisema. "Tungekuwa wakavu wawili."

Tangu hapo walizungumza. Saburi alikwenda Magindu au Vihingo, na aliporudi alikuta kiti kimegeuzwa kikatazama ndani, na Adamu akiuliza hata kabla hajatua kikapu. Sasa Saburi alikuwa na mume, lakini alikuwa naye akirudi tu. Njiani alitembea peke yake, na alianza kujua kwa miguu yake mwenyewe jinsi msitu unavyomfanya mtu ajisikie mdogo, na kwa nini Adamu alikuwa akiimba akiwa bado mbali. Si kuwaita watu tu. Ilikuwa apate kusikia sauti ya mtu.

Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, Adamu alishikwa na homa, si kali. Saburi akataka kuahirisha safari. Adamu alikataa, Vihingo walikuwa wanamngoja. Akamwacha mikononi mwa Mwanakheri. Huko Vihingo mvua ikamfungia, mito ikajaa, njia ya Mzenga ikawa ziwa. Alikaa kwa Melkiori akisikiliza mvua juu ya makuti, hana habari.

Maji yalipopungua akarudi. Alipokaribia nyumbani aliona watu wameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, wanaume wenye kofia, na Mwanakheri akija kumlaki mbio huku khanga inamvuka. Hakuhitaji kuambiwa. Aliambiwa hata hivyo. Homa ilipanda, kifua kikabana, akafa alasiri. Mfaume alitoka mwenyewe kwenda kumtafuta Saburi, akafika penye maji, akarudi. Walingoja mpaka kesho yake, mwili haukuweza kungoja tena.

Mfaume alimpeleka kaburini, nyuma ya shamba, udongo bado mwekundu. Akavua kofia, kisha akaivaa, hakujua lipi ni adabu.

"Shemeji," alisema, "tulimwosha kama tunavyowaosha wetu. Sala yenu hatuijui. Tukasimama, kila mtu akamwombea kimoyomoyo kwa anavyojua, tukafukia. Kama tumekosea, tuambie."

"Hamjakosea, shemeji."

Saburi alitaka kujua kama Adamu alisema neno kabla ya kufa. Alimwuliza Mwanakheri.

"Aliuliza kama huko uliko mvua imekatika," Mwanakheri alijibu. "Nikamwambia imekatika. Sikujua, mwenzangu. Nilisema tu."

Hapo ndipo Saburi alipolia.

Matanga yalipokwisha, kaka yake Kitwana alikuja kumchukua. Alisema mwanamke hakai peke yake penye kaburi, na kwamba Maneromango kuna kanisa, kuna ndugu, kuna kengele. Saburi akafunga mlango akaenda. Watu wa kwao walimpokea vizuri. Jumapili alikaa kwenye benchi katikati ya shangazi na binamu, akaimba nyimbo alizozijua tangu utotoni, na mchungaji akahubiri vema. Baadaye watu walitoka nje wakaulizana habari za mahindi na ndoa. Kila mtu alimwambia pole. Wakaendelea na mambo yao, kama inavyopasa. Alikaa pale mpaka mahindi yakavunwa, na kadiri alivyozungukwa na watu ndivyo alivyojiona kama mtu aliyesimama nje ya dirisha.

Siku moja alimuaga kaka yake. Kitwana alikasirika, akamwuliza anamrudia nani.

"Simrudii mtu," Saburi alisema. "Nakwenda kwangu."

Alipita Vihingo kwa Melkiori, kwani palikuwa njiani. Darasa lilikuwa limepungua, zimebaki nyumba chache, nao walikuwa wanakutana bado. La Magindu, akaambiwa, lilikuwa limehamia kwa Walutheri lote. Hakuumia alivyodhani ataumia. Akalala hapo, asubuhi akaagana nao bila kuahidi siku.

Alifika kwake mchana. Majani yalikuwa yamepanda mpaka kizingitini, na barazani palifungwa mbuzi watatu waliomtazama kama mgeni. Mwanakheri akatokea upande wa pili, ndoo kichwani, akasimama. Aliona aibu hata akashindwa kuishusha ndoo.

"Nilidhani hurudi tena," alisema. "Zizi letu limeanguka."

"Nisaidie kuwatoa," Saburi akasema.

Wakafungua kamba, wakawakokota mbuzi hadi kwa Mfaume, mmoja akigoma njia nzima. Kisha Saburi akarudi peke yake, akatafuta jembe uvunguni mwa kitanda, akaanza kupalilia kuanzia mlangoni.