Vikombe Viwili

Zubeiri alikuwa mwimbaji wa harusi, na sifa yake ilikuwa nyimbo za kuchezeka. Siku moja mazoezi yalimnogea, akasahau kwenda kumpokea mama mkwe wake stendi. Mama wa watu alikaa juani kwa saa tatu. Shadya, mke wa Zubeiri, alimrudisha mama yake Mkwaja, na yeye akabaki hukohuko.

Siku ya tatu, nyumbani Chumbageni, Zubeiri alichemsha chai akajikuta amemimina vikombe viwili. Akakaa, akaandika:

*Namimina vikombe viwili, mkono umeshazoea,*
*Changu nakinywa kwa shida, chako chapoa chakungojea.*

Ulikuwa wimbo wake wa kwanza wa polepole. Kabla hajaurekodi, alikwenda Mkwaja kuomba radhi. Mama mkwe akamsamehe, Shadya akarudi.

Studio ya Raheel, mtayarishaji wa muziki, ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, Mzee Dharsi. Zubeiri aliimba mara sita, na mara zote sita Raheel alimkatiza.

"Kaka Zubeiri, unatabasamu."

"Umenionaje, nawe umenipa mgongo?"

"Nakusikia. Mtu wa kwenye wimbo ameachwa. Wewe umetoka kula samaki wa kupaka."

Na kweli, alikuwa ametoka kula samaki wa kupaka, aliyepikwa na Shadya kwa nazi.

Shadya alipoelezwa, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akatoa begi.

"Basi naondoka. Safari hii usinifuate mpaka umalize."

Siku mbili za mwanzo Zubeiri alijiona mjinga tu, maana walikuwa wakicheka wote kwenye simu. Siku ya tatu Shadya hakupokea. Ya nne pia. Zubeiri alijua ni makusudi, lakini moyo wake haukujua. Akaenda studio, akaimba mara moja. Raheel hakumkatiza. Kule dukani, Mzee Dharsi alikuwa ameacha kupima kitambaa.

Mwezi haukuisha, wimbo ukawa unapigwa kutoka Pangani mpaka Horohoro, kwenye malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Shadya alikuwa amesharudi, na lawama zote zilimwangukia yeye. Muuza nazi alimuuliza Shadya mumewe alimkosea nini hata akamwacha. Bi Ummekulsum, jirani yao, alileta sambusa za kumliwaza Zubeiri, na aliyefungua mlango ni Shadya.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba," alijibu yule bibi, akimtazama juu mpaka chini. "Umekuja kuchukua vyombo vyako?"

Zubeiri alipoalikwa redioni, Shadya akasema naye atakwenda. Mtangazaji alimuuliza kwa sauti ya upole kama yuko tayari kumrudia mumewe.

"Nilirudi kabla hajarekodi," Shadya akasema. "Ikabidi niondoke tena, maana alikuwa akiimba kwa furaha." Akasimulia yote, na samaki wa kupaka akamtaja.

Simu zikaingia mfululizo. Wengi walicheka. Bi Ummekulsum alipiga kuomba radhi, akasema zile sambusa wazile wote wawili. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa Muheza, aliyelalamika kwamba wamemliza bure mwezi mzima na hawana haya.

"Tuwie radhi, baba," Zubeiri akasema. "Tukufanyie nini?"

Mzee akafikiri kidogo. "Upigeni tena," akasema. "Wote, msiukate."