Mashine Zote kwa Saa Moja

Néhémie, kiongozi wa kwaya yetu ya wakimbizi wa Kongo hapa Kashojwa, Uganda, ni mtu wa kujua kila kitu kabla hajaambiwa. Ndiye aliyepokea simu siku Bob, mwenye studio kule Mbarara, alipotuazima kompyuta yenye muziki wa kinanda pamoja na kisanduku kinachogeuza sauti kuwa tarakimu.

"Mashine zote ikuwe kwa saa moja," Bob alisema, kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi alikozaliwa. "Usisahau, ssebo. Saa moja."

"Ya asubui ao ya mangaribi?" Néhémie akauliza, lakini simu ilikuwa imekatika.

Tukabishana: saa moja ya Kongo au ya Uganda? Maana wapo wenzetu ambao mpaka leo wanafuata saa ya Kivu. Néhémie akaamua: asubuhi, ya Uganda. Mariette, ambaye wimbo wake ndio tuliotaka kurekodi, alikuwa anaumwa kifua, na asubuhi ndipo kilipombana zaidi. Hata hivyo alikuja, kitenge juu ya kitenge, kwa sababu wimbo ule aliutungia Nathalie, binti yake, aliyekuwa bado ananyonya. Alijua haponi. Alitaka mtoto abaki na sauti yake.

Saa moja kamili Néhémie akawasha mashine kama anayefungua bunge. Mariette akaimba, na mimi Godeberthe, ambaye ulimi wangu haumwachi mtu, nikamshikilia kitenge kisidondoke. Tulipousikiliza wimbo, palikuwa na milio midogo: ta, ta. Néhémie akasema ni ubovu wa spika tu, nasi tukaamini. Mvua zilipoanza, tukamzika Mariette.

Anatole, mumewe, aliniomba nimsindikize Mbarara ili wimbo usafishwe. Bob aliusikiliza, akashika kichwa.

"Bannange! Si nilisema saa moja?"

"Tulianza saa moja," Anatole akajibu. "Saa moja juste."

Bob alitutazama, kisha akaeleza polepole. Kila mashine ina saa yake ndogo ndani, ya kupimia sauti. Moja inapaswa kuongoza, nyingine ifuate, zote kwa saa moja hiyo. Zetu zilikwenda kila moja kivyake, na kila zilipopishana, kipande cha sauti kilidondoka.

"Bile bipande biko wapi?" Anatole akauliza.

"Haiko, ssebo. Haikuingia. Leta tu huyo mama, aimbe tena."

Anatole akalia pale pale, mbele ya watu. Nilitaka kumlaani Néhémie, nikashindwa. Hata mimi ningeamka saa moja.

Siku hizi Nathalie anaongea. Baba yake humwekea wimbo ule kwenye simu, na Jumapili iliyopita mtoto aliuimba kanisani peke yake, mwanzo hadi mwisho. Kila palipokatika sauti ya mama yake, naye alimeza neno, akagonga ulimi: ta. Watu wakacheka kidogo. Anatole hakucheka. Kwa mtoto yule, mama yake ndivyo alivyoimba.